Hoteli za Farasi Bahari za Sydney: Mgeni Hafuati Waya

Siku kinaposhushwa majini, kifaa hiki hakina cha kumvutia mtu wala samaki. Ni kizimba cha waya chenye umbo la sanduku, ndugu wa karibu wa mtego wa chuma wa kunasia kaa, ila hakina mlango wa kunasa wala chambo. Hakina pampu, hakina rangi, hakina umeme. Wenyewe wanakiita hoteli ya farasi bahari, na jina hilo kinalistahili tu baada ya bahari kukivika nguo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kwa mfadhili, kikundi cha ufukweni au mwalimu wa wazamiaji anayetaka kuiga mradi huu: hapa hulipii waya, unalipia muda wa waya huo kuota.

Tunakitathmini kizimba chenyewe pamoja na huduma inayoandamana nacho, yaani vifaranga wa farasi bahari wa kuzalishwa kwenye matangi na kuachiwa baharini. Kizimba tunakipa nyota nne kati ya tano. Huduma ya vifaranga tunaipa tatu, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu ni rahisi sana kuifanya vibaya.

Kizimba kilizaliwa Port Stephens, kaskazini mwa Sydney, katika jimbo la New South Wales, Australia. David Harasti, mtafiti wa idara ya uvuvi ya jimbo hilo, aliona farasi bahari wakijishikiza kwenye mitego ya kaa iliyoachwa majini, iliyokwisha kuota mwani na sponji. Badala ya kuiona mitego ile kuwa takataka tu, akajiuliza: je, ikitengenezwa kwa makusudi, bila sehemu ya kunasa? Vizimba vya kwanza vikawekwa Port Stephens. Mwaka 2020 mradi ukafika Bandari ya Sydney, kwenye ghuba ndogo ya Chowder Bay, kwa ushirikiano wa idara hiyo, akwariamu ya SEA LIFE Sydney na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney.

Mgeni anayekusudiwa ni farasi bahari wa White, Hippocampus whitei, samaki wa sentimita 13 hivi akinyooshwa. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilimweka katika kundi la walio hatarini kutoweka mwaka 2017, kundi ambalo tayari lilikuwa na ndugu yake wa Knysna, Afrika Kusini. Huko Port Stephens idadi yake ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hakuvuliwa akaisha; alikosa nyumba. Alikuwa akiishi kwenye matumbawe laini yanayofanana na koliflawa, na matumbawe hayo yalifunikwa na mchanga uliohama, yakang'olewa na nanga na kufagiliwa na minyororo ya maboya ya kuegeshea vyombo. Mafuriko ya Machi 2021 yalipoteremsha maji yasiyo na chumvi na matope kwenye ghuba hiyo, yakamaliza sehemu kubwa ya yaliyosalia.

Ili uelewe kwa nini kizimba cha waya kinaweza kumsaidia, mtazame samaki mwenyewe. Hana pezi la mkiani la kumsukuma. Anasogea kwa pezi dogo la mgongoni linalopepea haraka kiasi kwamba jicho halioni mapigo yake, na mkondo wa kawaida tu unamshinda. Kwa hiyo mkia ndio uhai wake: anauzungusha kwenye jani, tawi au uzi, anatulia, anasubiri uduvi upite karibu na pua. Hana meno, hana tumbo la kuhifadhia chakula. Anachokimeza kinapita haraka, na lazima ale tena na tena mchana kutwa. Na hahami ovyo. Utafiti wa mwanabiolojia Amanda Vincent na wenzake juu ya samaki huyuhuyu wa Sydney ulionyesha kuwa dume anazunguka eneo la mita za mraba 8 hivi, jike 12 hivi. Eneo la chumba na sebule. Likifunikwa mchanga, hana utaratibu wa kufunga safari kwenda kutafuta lingine.

Sasa kizimba. Uamuzi mzuri kuliko yote katika muundo wake ni kwamba kinaoza. Chuma cha kawaida kisichovikwa plastiki kinaliwa na kutu taratibu, na wakati kinaanguka, sponji, mwani na matumbawe laini yaliyoota juu yake yamekwisha kushikana na kubaki kama kichaka kwenye mchanga. Wanaotaka kuboresha kwa kutumia waya wa plastiki au chuma kisichoshika kutu wanaharibu wazo lenyewe: wanaacha baharini kitu kitakachodumu kuliko kazi yake. Rangi ya kuzuia viumbe kuota, ile inayopakwa chini ya boti, ni marufuku kabisa. Ina shaba, na kazi yake ni kuua kilekile unachokingoja.

Ukubwa wa matundu ndio unaowakwaza wanaoiga. Waya wa banda la kuku unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi na bei yake ni nafuu, lakini matundu yake ni madogo mno. Mwani na sponji vikianza kunenepa vinaziba, maji ya ndani yanasimama, matope yanatua, na upande wa ndani unageuka shimo la uozo. Matundu yakiwa makubwa mno, kizimba kinakuwa fremu tupu, na samaki mkubwa anaingia na kutoka. Tundu linalopitisha vidole vitatu au vinne kwa raha ni la kuanzia. Unene wa waya nao una maana: mkia wa mtu mzima unashika vizuri kitu cha unene wa penseli, lakini mkia wa kifaranga ni kama uzi, na anahitaji vitu vyembamba. Hapo ndipo waya peke yake unaposhindwa na mwani unapookoa, kwa kuwa nyuzi zake zina kila unene.

Kuota kwenyewe kuna hatua zake. Siku za mwanzo waya unapata utelezi wa bakteria. Kisha unafuata mwani wa nyuzi, na ndani ya nyuzi hizo wanaingia viumbe wadogo wa jamii ya kamba na uduvi. Baadaye ndipo sponji na wanyama wengine wasiohama wanashika nafasi. Uduvi ndio alama ya kungoja. Mzamiaji akiona wingu la uduvi likielea kwenye kivuli cha kizimba, likitawanyika anaposogeza mkono na kukusanyika tena akiutoa, ajue jiko limewashwa. Kabla ya hapo, kuweka farasi bahari ni kumpangisha mtu nyumba isiyo na maji.

Ushahidi wa hoja hii Sydney wanao kwa miaka mingi, na haukutoka kwenye vizimba bali kwenye nyavu za kuogelea, zile zinazozungushwa kwenye fukwe za bandari kuzuia papa. Farasi bahari wa White walihamia kwenye nyavu hizo kwa wingi. Lakini kila mafundi walipozikwangua zikawa safi, samaki wakapungua, na zilipoota tena wakarudi. Wavu uleule, mahali palepale; kilichobadilika ni nguo tu. Ndiyo maana usafishaji wa nyavu hizo umewekewa utaratibu wa kuwalinda farasi bahari, na kukwangua wavu mzima kwa mara moja ndilo kosa la kuepukwa. Kwa anayesimamia hoteli, somo ni hilohilo: usikisugue kizimba ili kipendeze kwenye picha za wafadhili. Kizimba kichafu ndicho kizuri.

Mahali pa kuweka panataka umakini kuliko kutengeneza. Kwanza, kiwe kwenye mchanga mtupu kando ya makazi yaliyobaki, si juu ya nyasi bahari zilizo hai. Kivuli chake kitaziua, na utakuwa umebomoa nyumba ya kweli ili kujenga ya muda. Pili, kikae mbali na maboya. Mnyororo wa boya unavyozunguka na upepo unafagia duara zima la sakafu ya bahari, na kizimba kilichomo ndani ya duara hilo kitapinduliwa kabla hakijaota. Tatu, mkondo uwe wa wastani: wa kuleta chakula na kuondoa matope, si wa kumng'oa mwenye mkia. Nne, kiwe karibu na farasi bahari waliopo tayari, kwa sababu wale wa kuhamia wenyewe hawatoki mbali. Kila pembe ipigiliwe nondo iliyopindwa kichwa, izame mchangani vya kutosha, kwani dhoruba moja ikitikisa kizimba usiku kucha inakwangua sakafu na kukivua kila kilichoota.

Kasoro kubwa ya kizimba ni kwamba hakimtambui mgeni. Pweza naye anapenda kona zenye kivuli, na pweza anakula farasi bahari. Wapo pia samaki wanaojibanza kwenye sponji wakafanana nayo, wakingoja mdomo wazi. Mzamiaji wa ukaguzi hana budi kutazama chini na ndani, siyo kuhesabu farasi bahari wa juu tu na kuandika namba. Maganda ya kaa na kome yaliyorundikwa mbele ya pembe moja yanamwambia wazi kwamba pweza amehamia. Kwa hili na kwa kuzibika kwa matundu ndipo tunapokata nyota moja.

Huduma ya vifaranga ndiyo iliyoleta kamera na vichwa vya habari, na ndiyo inayohitaji kusomwa kwa makini zaidi.

Utaratibu wa Sydney ulikuwa hivi: wazazi walichukuliwa kutoka baharini kwa kibali, wakiwemo madume wenye mimba, maana kwa farasi bahari jike hutaga mayai kwenye mfuko wa tumboni mwa dume, naye ndiye anayebeba kwa wiki tatu hivi na kuzaa. Dume mmoja anaweza kutoa vifaranga zaidi ya mia kwa uzazi mmoja, kila mmoja chini ya sentimita moja, mwenye umbo kamili la mzazi wake na njaa tangu dakika ya kwanza. Baharini karibu wote huliwa. Kwenye tangi, wengi wanaweza kuvuka miezi ya hatari, na hapo ndipo thamani ya huduma ilipo. Mwezi Mei 2020 vifaranga 90 hivi waliokua vya kutosha waliachiwa Chowder Bay, kwenye hoteli zilizotangulizwa na kwenye wavu wa kuogelea wa hapo. Makundi mengine makubwa zaidi yamefuata katika miaka iliyofuata.

Ugumu uko kati ya kuzaliwa na kuachiwa, na unaanza kwenye chakula. Kifaranga hali kitu kilichokufa. Chakula chake cha kawaida kwenye vituo ni artemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi anayetotolewa kutoka kwenye mayai makavu ya kopo. Gramu 1 hadi 2 za mayai kwa lita 1 ya maji yenye chumvi gramu 25 hadi 30, joto la nyuzi 28, taa, na hewa inayobubujika kwa nguvu kutoka chini. Baada ya saa 24 hivi wametotolewa. Kabla ya kuwatotoa, mayai yavuliwe ganda kwa klorini mpaka rangi ya kahawia iishe na rangi ya chungwa ionekane, kisha yasuuzwe sana na klorini iliyobaki iuliwe kwa thiosalfeti. Anayeruka hatua hii analeta kwenye tangi bakteria na wanyama wadogo wenye miiba ya sumu, jamaa wa yavuyavu, wanaoota kwenye kioo na kuwachoma vifaranga mmoja mmoja.

Halafu linakuja kosa linaloua wengi kimyakimya. Artemia aliyetotolewa sasa hivi bado ana kiini chake, lakini hana mafuta ambayo samaki wa baharini anayahitaji kujenga ubongo na macho. Na huwezi kumlisha mafuta hayo papo hapo, kwa kuwa mdomo wake haujafunguka. Lazima angojewe saa 8 hivi ajivue ngozi ya kwanza, kisha aogeshwe kwenye mchanganyiko wa mafuta au mwani wa kurutubisha kwa saa 12 au zaidi, asuuzwe, ndipo atolewe. Kifaranga aliyelishwa artemia watupu anaonekana ameshiba, tumbo lina rangi ya chungwa, anakua siku chache, kisha kundi zima linaanza kufa bila jeraha wala dalili ya ugonjwa. Watu wanalaumu maji. Maji hayana hatia.

Kosa la pili ni hewa. Vifaranga wanavutwa na mwanga. Taa ikiwa juu na uso wa maji una utando wa mafuta, wanakusanyika juu, wanameza kiputo, na kuanzia hapo wanaelea ubavu bila kuweza kushuka kula. Dawa yake ni tangi la duara ambalo maji yanazunguka taratibu na kumrudisha kila mmoja katikati, kuta za giza, uso wa maji unaochotwa utando wake kila wakati, na mabomba ya hewa yenye viputo vikubwa badala ya jiwe linalotoa ukungu wa viputo vidogo. Mabaki yafyonzwe chini mara mbili kwa siku, amonia na nitriti visisomeke kabisa kwenye kipimo. Joto lisipande ovyo kwa tamaa ya kukuza haraka. Bakteria wa jamii ya vibrio wanapenda joto kuliko wanavyolipenda farasi bahari, na wanaanza kwenye ncha ya pua na mkia, sehemu ambazo zikioza mnyama hawezi kula wala kushika.

Kuna kipimo kimoja cha afya kisichohitaji chombo. Farasi bahari mzima anapokula husimama wima, jicho moja linamfuata uduvi huku lingine likitazama kwingine, shingo inainama polepole, kisha kichwa kinaruka juu na kusikika mlio mkavu kama wa kuvunja kijiti cha kiberiti. Kwenye chumba kimya mlio huo unapita kwenye kioo cha tangi. Mlio ukilegea, samaki anapovuta na kukosa, akivuta tena na kukosa, kuna tatizo kwenye matamvua au kwenye mifupa ya shingo, na wa namna hiyo haachiwi baharini hata kama rangi yake inapendeza.

Kwa mfugaji wa nyumbani, samaki wa tangini anaishia kwenye uduvi wa barafu, na hiyo ni sifa nzuri ya kumnunulia. Kwa anayekwenda baharini ni kinyume: aliyezoea chakula kinachomwagwa kila asubuhi saa 3 hajui kuwinda. Kituo kizuri kinamrudisha kwenye uduvi hai kabla ya kuachiwa, na kinamzoeza kushika vitu vilivyoota mwani halisi badala ya majani ya plastiki. Ukitathmini mradi wowote wa aina hii, swali la kwanza liwe: wiki za mwisho kabla ya kuachiwa walikula nini? Jibu likiwa ni uduvi wa barafu, jua unachoangalia ni sherehe.

Swali la pili ni la magonjwa. Tangi la akwariamu limepitiwa na samaki wa mabara mengi, na bakteria wa jamii ya kifua kikuu cha samaki wanakaa mwilini miezi bila kuonekana. Vifaranga wa kuachiwa wanapaswa kuwa na matangi yao, mabomba yao na nyavu zao za mkono, wasichanganyike na samaki wa maonyesho hata kwa ndoo. Swali la tatu ni la ukoo: vifaranga mia wa baba mmoja ni familia moja. Wachukuliwe madume kadhaa, na watoto warudishwe kwenye maji walikotoka baba zao.

Upande wa kufuatilia, Sydney wanastahili sifa bila kupunguza. Kila kifaranga alidungwa chini ya ngozi alama ndogo za rangi ya mpira, nukta za milimita moja au mbili, rangi na nafasi zikitofautiana kama namba ya gari. Mzamiaji akimulika kwa taa maalumu nukta zinang'aa na mtu anajua huyu ni nani. Kwa njia hiyo walitambuliwa baadhi ya walioachiwa wakiwa hai katika msimu uliofuata, na miongoni mwao madume wenye mimba. Hilo ndilo jibu pekee lenye uzito. Mradi unaotangaza idadi ya walioachiwa bila kutaja waliokutwa baadaye haujatuambia kitu.

Ukilinganisha na njia nyingine, hoteli si pekee inayofanya kazi. Huko Knysna, mifereji ya mtaa wa Thesen Islands iliimarishwa kingo zake kwa magodoro ya waya yaliyojazwa mawe, kazi ya uhandisi tupu, na watafiti wakakuta farasi bahari wa Knysna wengi zaidi kwenye magodoro hayo kuliko kwenye nyasi bahari za asili za lango lilelile la mto. Mawe na waya vinadumu, na kwa mahali penye ujenzi wa bandari au hoteli za watalii ni chaguo la kufikiriwa tangu ramani inapochorwa. Ria Formosa, kusini mwa Ureno, palijaribiwa kamba zilizosimamishwa kama majani. Kamba ni nafuu na nyepesi kusafirisha, ila ni plastiki, na plastiki inayobaki baharini ina deni. Kwa mahali padogo palipopotea makazi ghafla, kizimba kinachooza bado ndicho tunachokipendelea.

Je, kinafaa kwetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara? Farasi bahari wapo kwenye maji yetu, akiwemo yule wa madoa kama twiga, Hippocampus camelopardalis. Lakini tatizo letu halifanani na la Sydney. Kule samaki analindwa na hakuna anayemtafuta, alipungukiwa nyumba. Kwetu nyavu za kukokotwa, juya na kokoro, zinang'oa nyasi bahari na kuwabeba farasi bahari humohumo, na kwa miaka mingi Tanzania na Kenya zimekuwa zikitoa farasi bahari wakavu kwa soko la dawa za jadi la Asia ya Mashariki. Utafiti katika nchi 21 ulikadiria kuwa farasi bahari milioni 37 hivi hukamatwa kila mwaka, wengi kwa nyavu zilizokusudia samaki wengine. Tangu tarehe 15 Mei 2004 biashara ya kimataifa ya farasi bahari wote iko chini ya Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani hakuna anayesafirishwa bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji wake hauhatarishi walio baharini.

Kwa hali hiyo, kizimba kikiwekwa ovyo kinaweza kudhuru. Kinawakusanya waliotawanyika mahali pamoja, kwenye kina kinachofikika kwa miwani na pumzi moja. Kwa mwokotaji hiyo ni ramani. Kwa hiyo tunakipendekeza ndani ya tengefu tu, kama ya Kuruwitu kule Kilifi, ambako wavuvi wenyewe ndio walinzi na juya halipiti. Hata huko pawekwe vichache vya majaribio kwanza, kwa sababu maji yetu yana tasi, chafi na pono wengi wanaochunga mwani, na kizimba kinaweza kukwanguliwa kila siku bila kuguswa na mtu. Nusu ya vizimba vizungushiwe wavu wa kuzuia samaki hao kwa miezi ya mwanzo, nusu viachwe wazi, na tofauti ionekane kwa macho kabla ya kuagiza chuma zaidi. Huduma ya vifaranga kwa sasa tusiiguse. Nyasi bahari zikiachwa zipone, na pale zilipokufa zikipandwa upya, farasi bahari waliopo watazaa wenyewe bila artemia wala klorini.

Kwa mwenye kizimba tayari, jambo linalosahaulika ni siku ya mwisho wake. Kutu haianguki kwa ratiba. Pembe moja inalegea, paa linainama, na wageni walioishi humo misimu kadhaa wanajikuta juu ya mchanga mtupu. Kizimba cha pili kishushwe mapema, kiote huku cha kwanza bado kimesimama, na kiwekwe ubavuni mwake, hatua moja au mbili tu: ndani ya zile mita za mraba 8 za dume.